Sura ya 5: Barabara ya Kwenda Mweka

Mwaka wa kwanza nilipokimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro, nilivuka mstari wa mwisho nikiwa nimezidisha dakika kumi na moja juu ya muda niliouzoea Dar es Salaam. Nilikaa kwenye nyasi za uwanja, medali shingoni, nikiitazama saa ya mkononi kama mtu aliyeletewa barua ya kuachishwa kazi. Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi minne. Sikuugua, sikuanguka, na usiku nililala vizuri. Mwenzangu wa klabu, mzaliwa wa Kibosho, alinipa chupa ya maji akachuchumaa pembeni yangu.

"Kaka, ule muda wako wa Dar ni wa barabara ya Dar," akasema. "Huku unapewa muda wa huku."

Siku ile sikumwelewa. Nilimwelewa taratibu, kila mwaka niliporudi Moshi, na leo nikiulizwa muda wangu bora wa kilomita 21 huwa nataja kwanza mahali. Sisi wakimbiaji wa mitaani tuna mazoea ya kusalimiana kwa namba. "Umepiga ngapi?" "Moja hamsini na mbili." Basi, imetosha, mtu ameshapimwa. Lakini mtu akikwambia mchele ni elfu tatu, si utamuuliza ni kwa kilo au kwa kisado? Muda usiotajiwa njia ni bei isiyotajiwa kipimo. Ndiyo maana katika kitabu hiki nimeitengea barabara moja sura nzima.

Mbio za Kilimanjaro zilianza 2003. Hufanyika Moshi Jumapili moja, mwishoni mwa Februari au siku za kwanza za Machi, kabla masika hayajaingia. Wapo wa kilomita 42, wapo wa kilomita 5 wanaokuja na watoto na fulana za ofisi zao, na katikati tupo sisi wa 21. Moshi huwa na joto kali miezi hiyo, kwa hiyo tunaanza mapema, jua halijakolea. Asubuhi hiyo ndiyo pia saa ya kuuona mlima. Kilele chake, Kibo, huwa wazi alfajiri, na kadiri jua linavyopanda mawingu huja yakakifunika. Anayesubiri hadi saa nne ndipo apige picha na theluji, mara nyingi amechelewa. Gizani unaona kwanza weupe peke yake, juu kabisa, umekaa angani bila shina. Kisha bega la mlima linajitokeza, kisha msitu, na mwisho kabisa unaona barabara, na unatambua kwamba inaelekea hukohuko.

Napenda kwamba mbio zinaanzia Chuo Kikuu cha Ushirika, Barabara ya Sokoine. Chuo kile kilianzishwa 1963, kikapanda kuwa chuo kikuu 2014, na hakikuwekwa Moshi kwa bahati nasibu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu, KNCU, tangu 1933, na watoto wengi wa mkoa ule walisoma kwa fedha ya kahawa iliyopita kwenye mizani ya chama. Mwaka huohuo wa 1963, juu mlimani, kilifunguliwa chuo kingine, kile cha usimamizi wa wanyamapori cha Mweka, ambacho kimefunza wahifadhi wa nchi nyingi za Afrika. Njia yetu inatoka mlangoni mwa chuo kimoja na kushika barabara ya kwenda kwenye kingine. Haikifikii. Lango la hifadhi ya mlima liko mbali zaidi, juu zaidi. Lakini kila mkimbiaji akiambiwa "tunapanda Mweka" anajua ameambiwa nini.

Kilomita za mwanzo, za mjini, ndizo ninazoziogopa kuliko zote. Barabara ni pana, lami ni nzuri, miguu imepumzika, na kuna watu pembeni wanaopiga makofi. Unavuka kipilefti ambacho siku nyingine usingethubutu kukivuka kwa mguu, leo magari yamesimamishwa kwa ajili yako, na moyo unajaa. Unaitazama saa na kuona umetangulia. Hapo ndipo watu wanapotumia akiba ambayo watadaiwa saa nzima baadaye. Mimi siku hizi nimejiwekea kanuni: hadi mwisho wa mji, kila anayetaka kunipita apite. Nimepitwa na wazee, nimepitwa na wanafunzi wa sekondari waliovaa raba za kuazima. Baadhi yao sikuwaona tena hadi uwanjani, na hao nawavulia kofia. Wengi niliwakuta kilimani wakitembea, mikono kiunoni.

Mwinuko wenyewe hauji kwa kishindo. Hakuna mahali utakapoonyesha kidole useme, kilima kinaanzia hapa. Barabara inainuka kidogo, inakuacha uzoee, inainuka tena. Nyumba za mjini zinapungua, na migomba inaanza kukaribia lami kutoka pande zote mbili. Umeingia kwenye vihamba: mgomba juu, mbuni chini yake, na chini ya mbuni maharage au majimbi, shamba moja lenye ghorofa tatu, na nyumba katikati yake, na mara nyingi makaburi ya wazee wa ukoo hatua chache kutoka mlangoni. Hewa inabadilika. Kwa kila mita 100 unazopanda joto hupungua kama nusu nyuzi au zaidi kidogo, na ngozi iliyolowa jasho inalijua hilo kabla ya kichwa. Mahali pengine unasikia maji kabla hujayaona. Ni mfongo, mfereji uliochimbwa na Wachaga vizazi vingi kabla ya lami hii, unaoyachukua maji ya mto juu kabisa na kuyashusha pembezoni mwa kilima, kwa mteremko mdogo sana, hadi kwenye migomba. Waliochimba hawakuwa na darubini ya mpimaji. Walitumia jicho, na maji yenyewe kama kipimo: yakisimama, umekosea, yakikimbia sana, yatakula udongo. Kila nikipita pale nawaza kwamba hao walikuwa watengeneza njia kutushinda sisi wote.

Hesabu ya kupanda ni rahisi, ingawa miguu haipendi kuisikia. Sehemu ya juu ya njia iko takriban mita 300 juu kuliko ya chini. Mtu wa kilo 70 anajibeba mwenyewe urefu huo, sawa na kupanda ngazi za jengo la ghorofa mia moja, na anafanya hivyo huku akisafiri kilomita kadhaa mbele. Kazi hiyo haikwepeki kwa mtindo wala kwa viatu. Kinachobaki mikononi mwako ni kuigawa. Ndiyo sababu kwenye barabara ya Mweka nimeacha kuitazama saa. Mwendo wa dakika sita kwa kilomita, ambao Dar es Salaam kwenye Daraja la Tanzanite ni wa kupiga soga, huku ni wa kukata roho. Natumia pumzi. Nikiweza kumwambia mwenzangu sentensi nzima, niko sawa. Nikitoa maneno mawili na kukatika, napunguza. Hatua fupi, mikono chini, macho mita chache mbele na si kwenye kona ya juu, kwa maana nyuma ya kila kona ipo nyingine.

Na watu wapo. Ni Jumapili, na saa tunayopanda ndiyo saa ambayo familia nyingi za Kilutheri na Kikatoliki zinakwenda ibadani. Akina mama wamevaa vitenge vilivyopigwa pasi, kitabu cha nyimbo mkononi, watoto wamepakwa mafuta miguuni hadi wanang'aa, na wote wanatembea ukingoni kwa sababu usafiri umezuiwa kwa ajili yetu. Wanatutia moyo badala ya kutulaumu. "Kaza, mangi!" "Dada, usiachie!" "Poleni, poleni, bado kidogo!" Hiyo ya bado kidogo si kweli, wao wanajua na sisi tunajua, lakini nimeona ikimwinua mtu aliyekuwa ameshasimama. Nasema hili kwa waandaaji wa mbio za mjini popote walipo: barabara mnayoifunga ina wenyewe. Tangazeni mapema makanisani, misikitini na kwa wenye daladala, na acheni mahali pa mgonjwa kupita. Mkimbiaji ni mgeni wa asubuhi moja.

Kuna wengine wa kuwaangalia kwenye barabara ile, siku za kawaida zaidi kuliko siku ya mbio. Mweka ni njia ya kushukia. Wapandaji wa mlima waliokwenda kwa Machame, au kwa Lemosho, wakishatoka kileleni kwenye mita 5,895 huteremshwa kwa Mweka. Pamoja nao hushuka wapagazi, ambao wenyewe kwa wenyewe huitana wagumu. Niliwaona mara ya kwanza Ijumaa kabla ya mbio, nilipokwenda kuikagua njia kwa bodaboda: vijana nyuma ya lori, vumbi hadi kwenye kope, mmoja amelala na shavu lake limeegemea mtungi wa gesi. Mtu akiniambia kwamba amekimbia Mweka na barabara ni ngumu, namkubalia. Lakini huwa nawakumbuka wale.

Halafu unageuka.

Wengi huniuliza, si unapanda nusu na kushuka nusu, kwa hiyo unarudishiwa ulichotoa? Laiti ingekuwa hivyo. Unapopanda, misuli inajikunja na kusukuma. Unaposhuka, misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki: inavutwa irefuke wakati huohuo inajikaza isiachie. Kazi hiyo haichoshi pumzi, ndiyo maana inadanganya. Unashuka ukijiona mwepesi, unawapita watu, unatabasamu kwa wapiga picha, na kumbe ndani ya mapaja nyuzi ndogondogo zinachanika kwa kila hatua. Maumivu yake hayaji siku hiyo. Huja kesho yake na kukomaa siku ya pili. Jumanne baada ya mbio zangu za kwanza nilishuka ngazi za nyumba ya wageni kwa upande, nimeshika ukuta. Tangu hapo mazoezi yangu ya Mweka yana sehemu mbili, na ya kushuka ndiyo ninayoipa siku yake maalumu, kidogo kidogo, wiki kadhaa kabla, hadi mapaja yajifunze.

Kwa hiyo njia ya Moshi inachukua zaidi ya inavyorudisha, hata kama mwanzo na mwisho wake ni mahali pamoja. Hapo tunaingia kwenye jambo ambalo wakimbiaji wengi hawalijui: njia ina sheria zake, na kuna watu ambao kazi yao ni kuipima.

Urefu wenyewe ulitoka London. Kwenye Olimpiki ya 1908 marathoni ilianzia kasri la Windsor na kuishia uwanjani mbele ya jukwaa la familia ya kifalme, na umbali wa siku ile, kilomita 42.195, ukaja kuthibitishwa 1921 kuwa wa dunia nzima. Nusu yake ni kilomita 21.0975. Zile mita 97 na nusu za mwisho, ambazo zimewaliza watu wengi uwanjani, ni za wafalme wa Waingereza.

Kuipima njia kunafanywa kwa baiskeli. Watu wakisikia wanashangaa, wanadhani ni setilaiti. Kwenye gurudumu la mbele hufungwa kifaa kidogo chenye meno na namba kiitwacho Jones Counter, kilichobuniwa Marekani 1971. Kwanza mpimaji anatafuta kipande cha barabara kilichonyooka, anakipima kwa tepu ya chuma, angalau mita 300, kisha anakipitia kwa baiskeli mara nne ili ajue kifaa kinahesabu mara ngapi kwa kila kilomita. Ndipo anaiendea njia yenyewe. Haendeshi ovyo. Anafuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupata, sentimita 30 kutoka ukingoni kwenye kila kona, akikata barabara kutoka upande hadi upande kwa mstari ulionyooka, na ndiyo maana huhitaji polisi au alfajiri isiyo na magari. Akimaliza anarudi kwenye kile kipande chake na kukipitia tena mara nne. Tairi likipata jua, hewa hutanuka na gurudumu hubadilika kidogo sana, na mpimaji mzuri hataki kidogo hicho kimpite. Mwisho anaongeza mita moja kwa kila kilomita. Afadhali njia izidi mita 21 kuliko ipungue hata moja.

Hiyo ndiyo sababu saa yako ya kisasa inasoma kilomita 21.3 au 21.4 na unafoka kwamba wamekuongezea. Hawajakuongezea. Wewe hukukimbia mstari wa baiskeli. Ulizunguka kona kwa nje, ulihama upande kufuata maji, ulimzunguka mtu aliyekuwa anajipiga picha.

Kinyume chake ndicho kinachouma kweli. Nilikimbia mara moja katika mji ambao sitautaja, nikamaliza kwa muda ambao sijawahi kuuota. Nilimpigia simu mke wangu nikiwa bado nahema. Jioni tukajua kwamba msimamizi mmoja alikuwa ameweka koni kwenye mtaa usio wake, na kundi zima lilikata karibu kilomita moja. Hakuna aliyetuambia rasmi. Tuliambiana wenyewe tukilinganisha saa. Kinachoniumiza hadi leo si ule muda. Kulikuwa na binti mmoja, mara yake ya kwanza, aliyekuwa amechangiwa nauli na majirani zake. Alirudi nyumbani na medali ya kilomita 21 ambazo hakupewa nafasi ya kuzikimbia, ilhali alikuwa na uwezo wa kuzimaliza.

Sheria nyingine inahusu umbo. Ili rekodi ya dunia itambuliwe, mwanzo na mwisho wa njia havitakiwi kutengana, kwa mstari ulionyooka, kwa zaidi ya nusu ya urefu wa mbio, na njia isishuke kwa wastani wa zaidi ya mita moja kwa kilomita. Vinginevyo upepo wa mgongoni na mteremko vingekuwa vinavunja rekodi badala ya watu. Septemba 2019, Brigid Kosgei wa Kenya alikimbia nusu marathoni ya Great North Run kaskazini mwa Uingereza, kutoka Newcastle hadi pwani ya South Shields, kwa saa 1:04:28. Rekodi ya dunia ya wanawake wakati huo ilikuwa 1:04:51, ya Mkenya mwenzake Joyciline Jepkosgei, aliyoiweka Valencia 2017. Sekunde 23 chini, na haikuandikwa kuwa rekodi, kwa sababu njia ile inatoka mjini na kwenda moja kwa moja baharini. Hakuna aliyesema Kosgei hakukimbia. Barabara ndiyo haikuwa na sifa ya kutoa ushahidi. Mwezi uliofuata alikwenda Chicago, kwenye njia inayokubalika, akaivunja rekodi ya marathoni ya wanawake kwa 2:14:04.

Mimi nadhani sheria ile ni ya haki, na wakati huohuo sitaki tuipe heshima yote. Bingwa wetu Fabiano Joseph Naasi alipata fedha ya nusu marathoni ya dunia 2003, akapata nyingine 2004, na 2005 huko Edmonton, Kanada, akachukua dhahabu. Sijawahi kumsikia Mtanzania akimtaja Naasi kwa muda wake. Tunamtaja kwa kuwa siku ile, kwenye barabara ile, mbele ya wote waliokuja, alitangulia yeye. Kipimo hicho Moshi inakitoa vizuri sana. Linganisha muda wako wa Mweka na wa mtu aliyepanda Mweka, mwaka huohuo kama mnaweza, chini ya jua hilohilo. Nami nimekuwa nikijilinganisha na mimi wa mwaka jana, na zile dakika kumi na moja zimebaki nne.

Mwaka jana sikuondoka Moshi Jumapili. Jumatatu asubuhi nilipanda daladala ya kwenda Mweka na kuomba nishushwe mahali tulipogeukia. Mapaja yalikuwa yameanza kukaza. Koni zilikuwa zimeondolewa, vikombe vimefagiliwa, na barabara ilikuwa imerudi kuwa barabara. Nilitafuta ukingoni kwa muda, nikakipata: msumari mfupi uliopigwa kwenye lami, kichwa chake kimezungukwa na pete ya chuma, na rangi nyeupe iliyokwisha kufifia pembeni yake. Mpimaji huacha alama namna hiyo ili njia ya mwaka huu iweze kupatikana tena mwakani, hatua kwa hatua, hata koni zikipotea. Nilichuchumaa nikaugusa kwa kidole. Ulikuwa na umande.

Mama mmoja alikuwa anapanda, mkungu wa ndizi kichwani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepoteza kitu?"

Nikamwonyesha ule msumari, nikamweleza kwamba hapo ndipo mbio zinapogeukia. Aliutazama bila kuinama, shingo imenyooka, mkono mmoja umeshika mkungu.

"Kumbe ni hapa," akasema. "Mimi nyumbani bado ni juu."

Akaniaga, akaendelea kupanda.